Goma iko mbali namna gani?

Ndugu wasikilizaji wa Kalunguta, Maboya na Kabasha, na ninyi wote mlio katika familia zilizowapokea huko Butembo na Beni, leo sileti habari ya mapigano wala ya mkutano wa wakubwa. Ninaleta habari ya kosa langu mwenyewe. Nilisema jambo la kweli kwenye redio, na jambo hilo la kweli likampoteza mtu njia.

Ilikuwa katika kipindi cha asubuhi, kile cha kujibu maswali yenu. Kijana mmoja alituma ujumbe: "Kutoka Beni mpaka Goma ni kilometa ngapi, na ndege inachukua muda gani?" Swali kama hilo ni rahisi kwa mwandishi. Halina siasa ndani, halina mtu wa kukasirika. Nikafungua simu, nikatafuta kwenye intaneti, jibu likatoka palepale. Nikalisoma kwa sauti nzuri: umbali wa angani ni karibu kilometa 240, na kwa ndege ndogo ni kama dakika 45. Nikaongeza maneno ya kuchekesha kidogo, kwamba mtu akinywa chai Mavivi anafika Goma kabla chai haijashuka tumboni. Halafu nikaweka wimbo.

Sikusema kwamba uwanja wa ndege wa Goma umefungwa. Nilidhani kila mtu anajua. Goma iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na tangu siku zile ndege za abiria hazitui pale. Sisi wenyewe tulitangaza habari hiyo asubuhi, mchana na jioni. Kwangu ilikuwa habari ya zamani. Sikufikiri kwamba kuna mtu ambaye siku zile tulipotangaza alikuwa shambani kwa watu, hana redio, hana betri.

Siku tatu baadaye, mzee mmoja alifika kwenye mlango wa redio yetu. Alikuwa amevaa koti la Jumapili, na viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi. Niliwahi kumwona sokoni. Ni mmoja wa wale waliotoka kusini ya Lubero wakati Kanyabayonga ilipoanguka, tarehe 28 mwezi wa 6 mwaka 2024. Yeye na mke wake wanakaa hapa Kalunguta katika nyumba ya Mkristo mwenzao, na wanaishi kwa kulima mashamba ya wengine.

Alisalimia, akakaa, akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Mtoto wangu, wewe ndiye uliyesema dakika 45?"

Nikasema ndiyo, Papa, ni mimi.

"Basi niambie vizuri. Goma iko mbali namna gani?"

Akaanza kunieleza. Binti yake yuko Goma. Alijifungua kwa kupasuliwa, mtoto ni mzima, lakini kidonda kilikataa kupona, na mume wake hajulikani alipo tangu siku zile za vita. Majirani ndio wanaompelekea uji. Mzee na mke wake walikuwa wamekimbia na mbuzi wawili, na walikuwa wamewatunza mwaka mzima kama akiba. Aliposikia kipindi changu, aliuza mbuzi wote wawili, akaongeza na pesa ya vibarua, akapata dola 130. Akapanda pikipiki mpaka Beni, akalala kwa mtu wa kwao, kesho yake akapanda pikipiki nyingine mpaka Mavivi. Hapo mlangoni wakamwambia: "Papa, ndege ya Goma haiko. Uwanja wa kule umefungwa." Akasimama pale, akatazama ndege moja ikiruka kuelekea upande mwingine, kisha akarudi. Dola 12 zilikuwa zimekwisha njiani.

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia kelele.

Katika masomo ya uandishi tulifundishwa kuhakikisha habari kabla ya kuitoa. Habari ile nilikuwa nimeihakikisha. Zile kilometa 240 ni za kweli, na mtu yeyote anaweza kuzipiga hesabu mwenyewe. Beni iko kaskazini ya ikweta, karibu nusu ya digrii. Goma iko kusini ya ikweta, karibu digrii moja na sehemu saba ya kumi. Ukijumlisha unapata digrii mbili na kidogo. Digrii moja juu ya dunia ni kama kilometa 111. Na kwa kuwa miji hii miwili imekaa karibu katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, hesabu inatoka bila shida: kilometa 240 hivi. Butembo, iliyo jirani zaidi na ikweta, inabaki na kilometa 200 tu.

Muda wa ndege nao ni hesabu. Ndege ndogo za injini mbili, zile za watu 19 zilizozoea safari hii, zinakimbia kilometa 350 mpaka 400 kwa saa moja. Unagawanya, unaongeza dakika za kupanda juu na za kushuka, unapata hizo 45. Tovuti za namna ile zinafanya hivyo kwa miji yote ya dunia. Zinachukua miji miwili, zinavuta kamba katikati, zinagawanya kwa mwendo. Haziulizi kama uwanja uko wazi au kama kuna tiketi. Hata pale ndege zilipokuwa zinaruka, dakika 45 hazikuwa za kila mtu, na hazikukosa hatari. Tunakumbuka tarehe 24 mwezi wa 11 mwaka 2019, ndege iliyokuwa inakuja Beni ilianguka juu ya nyumba za watu Goma, muda mfupi tu baada ya kuruka. Waliokuwa ndani walikufa, na watu wa pale chini pia.

Nilipotaka kumweleza mzee mambo ya digrii, alinikatiza kwa upole. "Mimi ninaijua Goma, mtoto wangu. Zamani ilikuwa siku moja."

Ni kweli, ilikuwa siku moja. Mimi pia niliisafiri siku hiyo nikiwa kijana, nikienda kusoma. Kwa barabara ya taifa namba 2, Butembo na Goma ni kama kilometa 300, na kutoka Beni ni 350 hivi. Basi liliondoka Butembo saa kumi na mbili ya asubuhi. Lubero tulitetemeka kwa baridi. Kanyabayonga tulinunua chakula kupitia dirisha. Halafu tukaanza kushuka kuelekea bonde la Rwindi ndani ya mbuga ya Virunga, na hapo watu wakaacha kuzungumza, kwa sababu sehemu ile ilikuwa ya utekaji nyara, na magari yalipita kwa msafara yakisindikizwa na askari. Tulipofika Kiwanja kila mtu akaanza kucheka tena. Jioni tukaona moto mwekundu wa Nyiragongo juu ya mawingu, na mama mmoja aliyekaa nyuma yangu akasema, "Asante Mungu, tumefika."

Barabara hiyo ilikatika mwishoni mwa mwezi wa 10 mwaka 2022, Rutshuru na Kiwanja zilipochukuliwa na M23. Tangu hapo, kila mapigano yaliposogea kaskazini, barabara ilikatika mahali pengine tena. Ramani ya simu bado inaonyesha mstari wa bluu kutoka Beni mpaka Goma, unapita Lubero na Kanyabayonga kana kwamba hakuna kitu. Wako madereva wanaojaribu. Kuna wiki ambayo njia inafunguka kidogo, na wiki inayofuata inafungwa. Nilimuuliza mzee kama angeweza kupita huko. Akatikisa kichwa. "Barabara ile nilitoka nayo kwa miguu, na mambo niliyoyaona pale ninayajua. Siwezi kumpitisha mke wangu pale mara ya pili."

Basi nikachukua karatasi na kalamu, tukaanza kuhesabu njia ya tatu, ile ya kuzunguka.

Unatoka Kalunguta unakwenda Beni. Kutoka Beni unakwenda Kasindi, kilometa 80. Hiyo nayo ni barabara ambayo watu wengi wamefia, kwa hiyo unauliza kwanza hali ya siku hiyo. Kasindi unapiga muhuri, unavuka mto Lubiriha, unaingia Mpondwe, Uganda. Unakwenda Kasese, halafu Mbarara, halafu Kabale, halafu Kisoro. Kisoro unashuka mpaka wa Cyanika, unaingia Rwanda, unapita Musanze, unafika Rubavu, ambayo sisi tunaiita Gisenyi. Hapo Goma unaiona kwa macho. Unavuka mpaka mwingine, umefika. Umetoka Kongo, umepita nchi mbili, umerudi Kongo, jimbo lilelile la Kivu ya Kaskazini.

Tulipojumlisha, tulipita kilometa 600. Kwa ndege anayeruka na mabawa yake ni 240. Kwa barabara ya zamani ni 350. Kwa njia iliyobaki ni zaidi ya 600, na mipaka mitatu ya kuvuka: Kasindi, Cyanika na Gisenyi.

Nilimwonyesha pia habari ya saa, maana inasumbua wengi. Ukivuka Kasindi, saa ya Uganda iko mbele yetu kwa saa moja. Ukifika mpakani saa kumi ya jioni ukidhani bado una muda wa kupata gari, upande wa pili tayari ni saa kumi na moja. Ukiingia Rwanda, saa inarudi kuwa kama yetu. Mzee alicheka kwa mara ya kwanza. Akasema, "Kumbe hata saa yangu nayo itakimbia vita."

Halafu tukafika kwenye pesa. Dola 118 zilizobaki zilitosha mtu mmoja, kwa kubana sana, kwa kula chapati na kulala kwenye kituo cha mabasi. Watu wawili haiwezekani. Mzee alitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Mwishowe akasema: "Ataenda mama yake. Mtoto akiumwa, anamtaka mama."

Na karatasi za kusafiria? Kadi ya uchaguzi ya mama ilibaki Kanyabayonga, ndani ya nyumba ambayo hawajui kama bado imesimama. Ilibidi kutafuta cheti cha kupoteza kitambulisho, kisha karatasi ya kusafiria. Hayo yalichukua siku 11. Mimi nilisaidia kuandika barua na kupiga simu, hilo ndilo niliweza. Familia iliyowapokea ilitoa kitenge na chakula cha njiani. Kanisa lilichanga franka za pikipiki mpaka Beni.

Mama aliondoka asubuhi na mapema. Siku ya kwanza alilala Kasese. Siku ya pili alilala Kisoro. Siku ya tatu, jioni, simu ya mzee ikalia. Mimi nilikuwapo, maana siku hizo nilikuwa ninapita kwao kila jioni kabla ya kurudi nyumbani. Mama alisema amefika, amemkuta binti yake akiwa amekonda lakini anazungumza, na mjukuu ana sauti kama ya babu yake. Mzee alirudisha simu kwa mwenye nyumba, akatoka nje, akasimama karibu na mti wa parachichi, akatupa mgongo. Sisi tukamwacha.

Siku 11 za karatasi na siku 3 za njia ni siku 14. Yule kijana aliyeuliza swali lake kwenye kipindi, jibu lake sahihi kwa mwezi ule lilikuwa siku 14, mbuzi wawili, na mtu mmoja kubaki nyuma.

Sisi watu wa Kalunguta tulipaswa kulijua jambo hili kuliko wengine. Tumekaa karibu katikati ya Butembo na Beni, katika barabara ya kilometa 54. Ni umbali mdogo. Lakini nani hapa anaupima kwa kilometa? Wakati wa Ebola, tangu mwezi wa 8 mwaka 2018 mpaka mwezi wa 6 mwaka 2020, tulishuka kwenye gari, tukanawa mikono, tukapimwa joto la mwili, tukapanda, tukashuka tena mbele kidogo. Kilometa zilikuwa zilezile 54. Siku ya mvua kubwa, lori moja likizama katika matope, Beni inakuwa mbali kama ng'ambo. Siku watu wanapouawa kijijini, Butembo inajaa watu waliotembea usiku kucha wakiwa na watoto mgongoni, na ukimwuliza mmoja ametembea kilometa ngapi, hajui. Anajua tu alitoka saa ngapi na alimwacha nani.

Mwaka 2021 marais wa Kongo na Uganda walikutana Kasindi kuzindua kazi ya barabara: kilometa 80 za Kasindi na Beni, kilometa 54 za Beni na Butembo, na kilometa 89 za Bunagana na Goma. Nilikuwa mmoja wa waliofurahia namba hizo. Nilizitangaza kwa furaha. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 13 mwezi wa 6 mwaka 2022, Bunagana ikaanguka, na zile 89 zikabaki kwenye karatasi. Ningekuwa nimejifunza siku ile kwamba namba ya kilometa, hata ikiwa sahihi, inategemea amani ili iwe na maana. Sikujifunza. Nilijifunza kwa mbuzi wa mzee.

Kwa hiyo tumebadilisha kitu katika kipindi chetu. Kila Jumatatu na Ijumaa asubuhi, kabla ya maswali yenu, tunatoa habari tunayoiita "Njia ya leo". Hatusemi kilometa peke yake. Tunasema mambo manne: njia iko wazi au imefungwa, safari inachukua muda gani kwa sasa, inataka karatasi gani, na madereva wanaitisha pesa ngapi. Tunawauliza madereva wawili au watatu waliofika jana, si wale waliofika mwezi uliopita. Na tukiwa hatujui, tunasema hatujui. Ninyi mnaotoka safarini, tupigieni simu. Mnachokiona njiani kinaweza kumlindia mtu mbuzi wake.

Na mtu akituuliza umbali wa mji wowote, mimi sasa ninamrudishia swali: unataka kujua tu, au unataka kwenda? Kama anataka kujua tu, ninampa kilometa na dakika, maana kujua ni vizuri na watoto wa shule wanahitaji. Ninamwambia hata Kinshasa, kilometa 1,650 hivi kutoka hapa kwa angani, na kwamba kule saa iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo anayeruka kwa ndege kubwa anaonekana kama amefika haraka kuliko kawaida. Lakini akisema anataka kwenda, ninazima muziki, ninamwambia asubiri, tunazungumza naye nje ya hewa.

Nilimrudishia mzee zile dola 12. Hakutaka kuzipokea. Nilimwambia si zawadi, ni deni, na mtoto hawezi kukaa na deni la baba yake. Akazipokea, akanunua kifaranga wa kike na mahindi ya kumlisha. Anasema mbuzi naye anaanzia kwa kuku.

Bado anasikiliza kipindi kila asubuhi, siku hizi kwa redio ndogo ya mwenye nyumba. Mke wake yuko Goma, kidonda cha binti kinafunga polepole, na hakuna anayejua lini mama atarudi, kwa sababu kurudi nako ni njia ileile na pesa ileile. Juzi nilikutana naye njiani akitoka shambani na jembe begani. Nikamsalimia. Akasimama, akaniuliza kama kila mara:

"Mtoto wangu, leo Goma iko wapi?"

Nikamwambia, "Papa, leo bado iko siku tatu."

Akaitikia kwa kichwa. "Ikirudi kuwa dakika 45," akasema, "uniambie mimi kwanza, kabla ya kuwaambia kwenye redio."

Nimemwahidi.